Pilau ya sikukuu iliyotapisha watoto: mgebuka hana kosa

"Mtaalamu, naandika kutoka Ujiji. Kila Krismasi familia ya mume wangu hukusanyika, Waislamu kwa Wakristo, watu kama 30, kati yao watoto 12. Tunabeba pilau mpaka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Katonga, tunakula kwenye masinia chini ya mti. Ni desturi aliyoianzisha marehemu baba mkwe. Mwaka jana nilipika mimi. Niliepua saa nne usiku wa tarehe 24, nikafunika sufuria, asubuhi nikaipasha moto vizuri mpaka ikatoa mvuke, nikaipakia kwenye ndoo yenye mfuniko na hotpoti mbili. Tulikula saa saba mchana. Kufika saa tisa watoto sita na shangazi mmoja walikuwa wanatapika, hawana homa, na usiku walikuwa wazima. Watu wazima wengi hawakugusa pilau, walikula ugali na migebuka, samaki wa ziwa hili, na kunywa chai ya maziwa, hawakupata kitu. Mama mkwe anasema watoto walichanganya samaki na maziwa. Wengine wananong'ona kuwa nina mkono mbaya. Mwaka huu mpango ni uleule, na nyumbani hatuna friji. Nifanyeje? Tena sisi wapishi tumechoka kukesha jikoni halafu kufika ziwani tukiwa hoi. Nina na mtoto wa miezi minane."

Dada yangu, umeniuliza mambo mawili. La kwanza ni kilichowatapisha watoto, la pili ni namna ya kuiendeleza desturi ya mzee bila kurudia yaliyotokea. Nitaanza na lile la kwanza, maana hizo lawama umezibeba mwaka mzima na hazikuhusu.

Samaki na maziwa havigombani tumboni. Vyote viwili ni vyakula vya protini, na tumbo huvisaga kwa njia ileile. Ziko nchi ambako samaki hupikwa ndani ya maziwa na watu hula kila siku. Samaki aliyeoza humdhuru mtu, ni kweli, ila anamdhuru awe amekunywa maziwa au hajanywa. Na maelezo yako mwenyewe yanamsafisha mgebuka: waliomla, tena wakashushia chai ya maziwa, ndio waliobaki wazima. Walioumwa wanakutana kwenye chakula kimoja, pilau. Nayo haikuharibiwa na mkono wako. Iliharibiwa na saa kumi na tano zilizopita kati ya kuepua na kula.

Nieleze taratibu, kwa sababu ukilielewa hili, mengine yote utayapanga mwenyewe.

Mchele hutoka shambani ukiwa na vijidudu vya udongo. Kimojawapo ni bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Mazingira yakiwa mabaya kwake hujikunja ndani ya ganda gumu mithili ya mbegu, na mbegu hiyo haifi kwa maji yanayochemka. Unapika pilau, inaiva, bakteria wengine wote wanakufa, hizo mbegu zinabaki. Madhali wali ni wa moto sana, juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, zinalala tu. Wali ukishuka chini ya hapo ukawa vuguvugu, mbegu zinachipua, bakteria wanaanza kuzaana, na kadiri wanavyozaana ndivyo wanavyomwaga sumu ndani ya chakula.

Sasa itazame sufuria yako ya usiku ule. Ilikuwa kubwa, imejaa, imefunikwa. Kingo zake zilipoa mapema, lakini katikati joto lilitoka polepole sana, pengine mpaka alfajiri. Bila shaka asubuhi ulipoigusa tumbo lake ulikuta bado ina joto kidogo. Wengi hufurahi wakikuta hivyo, wakidhani chakula kimelindwa. Kumbe joto hilo dogo ndilo bakteria wanalolitaka, na walikuwa nalo usiku kucha.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na hata wewe uliniandikia kwa kujitetea kwamba uliipasha mpaka ikatoa mvuke. Ninakuamini. Kupasha kule kuliua bakteria, ila sumu waliyokwisha kuimwaga haikuguswa. Sumu hii ya kutapisha haivunjwi na moto wa jikoni, hata ukichemsha saa nzima. Ndiyo maana mtu anaweza kupasha kiporo kikaunguza ulimi, na bado kikamtapisha.

Muda nao unashuhudia. Sumu ya aina hii hutapisha kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, mara nyingi bila homa, na mgonjwa hupata nafuu ndani ya siku moja. Mlikula saa saba, saa tisa wakatapika, usiku wakawa wazima. Bila vipimo vya maabara siwezi kuapa kwamba ni Bacillus cereus. Yuko bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, anayekaa puani, kwenye ngozi na kwenye vidonda vya mikono. Huyu huingia chakulani wakati wa kuchambua nyama au kupakua, anamwaga sumu isiyojali moto, na dalili zake zinafanana na zile. Lakini wote wawili wanahitaji kitu kilekile ili waweze kudhuru: chakula kilichokaa vuguvugu kwa saa nyingi. Ukiziba mlango huo, umewazuia wote. Na watoto waliumia zaidi kwa sababu mwili mdogo unalemewa na sumu kidogo, tena naona wao ndio walioila pilau kwa wingi.

Ndoo na hotpoti ziliongeza tatizo. Hotpoti hailindi chakula, inalinda joto lililomo. Ukiweka kitu cha moto kabisa, kinabaki cha moto. Ukiweka kilichopashwa juujuu huku katikati ni vuguvugu, kinabaki vuguvugu mpaka mtakapokula. Ndoo ya plastiki ni mbaya zaidi, kwa sababu haishiki joto la kutosha na wala haipoozi.

Tafadhali usitegemee limao, siki, pilipili wala kuongeza chumvi. Limao kwenye kachumbari linachangamsha ladha, haliui vya kutosha. Wala usitegemee pua. Pilau iliyochacha utaijua kwa harufu na ute, lakini sumu hii haina harufu wala ladha, na wali wake unaweza kuchambuka punje kwa punje kama kawaida.

Mwaka huu mna njia tatu. Mnaweza kupika ufukweni, mnaweza kupika asubuhi na kubeba pilau ikiwa ya moto, au mnaweza kuitenganisha pilau na ziwa.

Kupika ufukweni kwa watu 30 sikushauri. Desemba Kigoma ni mvua, kuni zinalowa, upepo wa ziwa unakula mkaa na mchanga unaingia sufuriani. Kubwa kuliko yote, nyama mbichi itasafiri bila barafu na kusubiri moto ukubali. Mkitaka kupata raha ya moto wa ufukweni, chomeni samaki tu. Nunueni migebuka au kuhe waliotua asubuhi hiyohiyo, macho yao yawe maangavu, matamvua mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Watumbuliwe na kuoshwa kwa maji safi mliyobeba, si ya ziwani, kisha waingie motoni moja kwa moja. Samaki aliyetoka majini alfajiri na kuchomwa saa nne hana neno.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi kwenu. Tarehe 25 mle pilau nyumbani, ya moto, ikitoka jikoni kwenda kwenye sinia. Tarehe 26 nayo ni sikukuu ya taifa, basi nendeni ziwani siku hiyo na vyakula vikavu visivyohitaji mpishi kukesha. Hapo na ninyi wanawake mtafika mkiwa na nguvu za kukaa mkekani. Jioni ya Krismasi wenye miguu wanaweza kunyoosha mpaka kwenye makumbusho ya Livingstone hapohapo Ujiji, mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871, wakapumzike kwenye kivuli cha miembe. Ulizeni mapema kama patakuwa wazi siku hiyo. Kwa wazee na wajawazito matembezi hayo ni mazuri kuliko kurushwa kwenye bajaji mpaka Katonga.

Chakula kikavu kina ulinzi wa asili: bakteria hawazai pasipo maji. Ndiyo maana dagaa waliokaangwa wakakauka, karanga, na maandazi yasiyo na kitu ndani hukaa mchana kutwa bila hofu, wakati wali, maharage, nyama ya mchuzi na ndizi za nazi haviwezi. Kwa watu 30 kilo moja ya dagaa wakavu inatosha na kubaki. Chagua waliokaushwa juu ya chanja, maana waliokaushwa chini huja na mchanga ambao hata uoshe mara nne bado meno yatausikia. Waoshe kwa maji ya moto mara mbili au tatu, uwakung'ute, uwatandaze juani mpaka maji yaishe, ndipo uwakaange kwa mafuta mengi, mawese au ya alizeti, mafungu madogomadogo. Usikilize sufuria. Dagaa wakiingia, mafuta hupiga kelele kwa sababu ya maji yanayotoka. Kelele ikipungua, povu likafifia na mafuta yakakaribia kunyamaza, maji yamekwisha. Watoe, uwachuje, wapoe wakiwa wazi kabisa, na uwafunike wakishapoa. Ukiwafunika wa moto, mvuke utageuka maji na kuwarudisha kwenye ulaini, na ulinzi wao utakuwa umekwisha.

Ongeza mayai ya kuchemsha, moja kwa kila mtu. Yachemshwe dakika 12 asubuhi hiyohiyo na yabaki na maganda mpaka ya kuliwa. Usiyapoze kwa maji ambayo hayajatibiwa, kwa kuwa yai likipoa huvuta maji ya nje kupitia vitundu vya ganda. Mahindi na mihogo mitamu mtachoma hukohuko, na maembe huu ndio msimu wake. Yaoshwe nyumbani, yamenywe wakati wa kula.

Lakini najua desturi ina uzito wake, na huenda mama mkwe hatakubali kuona mti ule bila sinia la pilau. Basi shika njia ya pili na uishike barabara, kwa sababu ikilegezwa kidogo tu mmerudi mwaka jana. Sharti lake moja: kutoka kuepua mpaka tonge la mwisho isizidi saa mbili, na muda wote huo wali uwe wa moto wa kuunguza.

Pika kilo 4 za mchele, usipike kilo 6. Kwa idadi yenu, pakiwa na ugali na samaki pembeni, kilo 4 zinashibisha, na kinachobaki ndicho kinachomponza mtu asiye na friji. Zigawe kwenye sufuria mbili za lita 12, kila moja kilo 2. Sufuria mbili huiva sawasawa kuliko moja kubwa ambayo chini inaungua na juu ni mbichi, na kila moja itajaa karibu na mfuniko, maana sufuria yenye nafasi tupu juu hupoteza joto haraka.

Jioni ya tarehe 24 fanya kazi za ukavu peke yake. Chambua mchele na usiuoshe. Pima viungo, na kwa kilo 4 nakupa hivi: bizari nyembamba vijiko 4 vya chakula, pilipili manga kijiko 1, iliki 15, karafuu 10, mdalasini vijiti 4. Menya vitunguu saumu vichwa 4, weka kuni au mkaa tayari, panga vyombo. Usiloweke mchele usiku kucha, utaanza kuchacha kabla haujafika motoni. Kisha lala. Kukesha kwenu kulitokana na kupika usiku, na kazi hiyo sasa haipo.

Nyama kilo 3 weka oda buchani siku ya 24, ichukuliwe tarehe 25 alfajiri. Mkitumia kuku wa nyumbani, mwambieni ndugu Mwislamu achinje ili sinia liwe la wote. Osheni mikono kwa sabuni baada ya kushika nyama mbichi, na kisu kilichokata nyama kisiguse kachumbari kabla hakijaoshwa. Ni rahisi zaidi kukata mboga kwanza na nyama baadaye.

Saa moja asubuhi nyama iwe jikoni na tangawizi, saumu na chumvi. Vipande viwe vidogo, kama sentimita tatu, ili viive ndani ya saa moja na nusu. Wakati inachemka kaanga kilo moja ya vitunguu kwenye nusu lita ya mafuta mpaka viwe vya kahawia iliyoiva. Usifanye haraka hapa, rangi ya pilau yote inatoka kwenye kitunguu, na kwa wingi huo jiko la mkaa litataka nusu saa nzima. Tia viungo, nyama, na viazi kilo moja na nusu, uvigeuze mpaka harufu ya bizari ipande. Gawa kwenye sufuria mbili, kila moja itiwe lita 3 na nusu za kimiminika, ukihesabu supu ya nyama pamoja na maji. Wengi hukosea kwa kuzidisha maji kwa kipimo cha sufuria ndogo. Sufuria kubwa haipotezi mvuke kwa kiasi kilekile, kwa hiyo wali unatoka bokoboko. Onja supu: iwe imekolea chumvi kuliko unavyopenda kuinywa, kwa kuwa mchele utainywa. Kwa kilo 4 chumvi yote haitazidi vijiko 6 vya chakula, ile ya kuchemshia nyama ikiwemo.

Mchele ulioloweka nusu saa uingie saa nne na robo. Maji yakikaukia juu ya wali, punguza moto chini na upalie makaa juu ya mfuniko. Saa tano na robo sufuria ziwe tayari, na bajaji iwe imekwisha kufika mlangoni. Usiepue kwanza ndipo uanze kutafuta usafiri.

Kufunga ni kazi yenyewe. Toa makaa na ufute majivu. Tandika kitambaa safi kikavu chini ya mfuniko kinywe jasho la mvuke, kaza mfuniko kwa kamba, zungushia magazeti, kisha blanketi zito mara mbili. Weka ndani ya kapu au boksi lililotandikwa gunia, kwa sababu chuma cha sakafu ya gari huvuta joto kutokea chini. Ukitumia hotpoti, zijaze maji yanayochemka dakika kumi, uyamwage, ndipo utie wali. Hotpoti baridi inakunywa joto la pilau yako kabla hujaondoka.

Usisubiri Krismasi kujua kama kufunga kwako kunafaa. Wiki moja kabla, jaza sufuria ileile maji yanayochemka, ifunge vilevile, ifungue baada ya saa mbili. Maji yakiwa bado huwezi kuyatumbukiza kidole, umefaulu. Yakiwa ya kuogea tu, ongeza blanketi na ujaribu tena.

Mkifika, pakueni kabla ya kuogelea na kabla ya picha. Chukua kijiko cha chuma, kizamishe mpaka katikati ya wali, kiache dakika moja, kisha kigusishe upande wa ndani wa kiganja chako. Kikikufanya uondoe mkono, pakua. Ukiweza kukiacha kimetulia, wali umeshashuka. Kama hapo ni saa moja tu tangu kuepua, uliwe mara moja. Kama ni saa tatu au nne kwa sababu bajaji iliharibika njiani, mwageni. Inauma kumwaga pilau ya watu 30, nalisema hilo nikijua bei ya mchele na nyama, lakini hakuna moto wa kuiokoa.

Sinia halina ubaya wowote, na kula pamoja kwa mkono ni sehemu ya raha ya siku hiyo. Linachotaka ni kunawa kwa maji yanayotiririka, mmoja amwagie kwa jagi na sabuni ipite. Beseni moja ambalo mikono thelathini inatumbukia linagawa vijidudu kwa usawa. Bebeni madumu mawili ya lita 20 ya maji ya kunywa yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na dumu la tatu la kunawa. Mwenye kidonda au jipu mkononi asipakue. Maji ya ziwa yanaonekana meupe mpaka chini, ila weupe huo hauwaambii kilichomo. Kigoma inaukumbuka mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015.

Kuhusu kuogelea nitasema machache. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 pale inapozama zaidi, na sehemu nyingi mteremko unaanza hatua chache tu kutoka ukingoni. Mtu mzima asimame majini upande wa kina, uso kwa watoto, na zamu yake iwe na jina. "Sote tunawaangalia" maana yake hakuna anayeangalia. Epukeni penye matete na maji yaliyotulia, ndiko konokono wa kichocho wanakokaa. Radi ikisikika, wote watoke majini na chini ya miti.

Mkiona pilau itazidi, fuateni ile desturi nzuri ya kupelekea jirani sahani, ila ipelekwe mapema na ikiwa ya moto, kabla hamjaondoka nyumbani. Iliyobaki ufukweni isirudi. Siku mkipata friji, tandaza wali kwenye sinia pana, usizidi unene wa vidole vitatu, upoe upesi, uingie frijini ndani ya saa moja na uliwe kesho yake. Sufuria nzima ya moto ikisukumwa ndani ya friji hukaa vuguvugu katikati kwa saa nyingi, sawa na kuiacha mezani.

Mtu akitapika hata hivyo, kazi ya kwanza ni maji. Chumvichumvi (ORS) ya paketi moja kwenye lita moja ya maji safi. Ikikosekana, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vilivyosawazishwa, kwenye lita moja. Mpe mtoto kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika kumi uendelee polepole. Usimpe dawa ya kufunga tumbo, wala antibaiotiki iliyobaki kwenye kabati, haziondoi sumu hii.

Nendeni kituo cha afya bila kusubiri kesho kama mtoto hawezi kushika hata kijiko cha maji, amekaa saa sita hajakojoa, macho yameingia ndani, amelegea au haamki vizuri, ana homa kali, anatapika damu au ana damu kwenye choo. Choo cha majimaji meupe kama maji ya kuoshea mchele kinatosha peke yake kumkimbiza mtu hospitali, hata usiku. Mjamzito, mzee na mtoto wa chini ya mwaka mmoja wasisubiri dalili zizidi. Wakiumwa watu wawili au zaidi waliokula chungu kimoja, mwambieni mhudumu hivyo, mtaje mlikula nini na saa ngapi, na mkibakiza chakula kidogo kwenye chombo safi kilichofunikwa, mpelekeeni. Hicho ndicho kingemaliza ubishi wa mwaka jana siku ileile.

Kwa mama mkwe, usianze na mgebuka. Amelishikilia jambo hilo kwa kuwa aliogopa kwa ajili ya wajukuu, na hofu yake ilikuwa ya haki. Mwombe yeye ndiye awe mwenye saa: atamke sufuria imeepuliwa saa ngapi, iandikwe kwa mkaa kwenye kapu, na yeye ndiye atoe ruhusa ya kupakua. "Mama, mwaka huu tupike asubuhi, wajukuu wako wale ya moto" ni maneno ambayo bibi hawezi kuyakataa.

Na huyo wa miezi minane, mpakulie yeye wa kwanza, sufuria ikifunguliwa tu. Chukua wali wa katikati, bila pilipili manga wala vipande vya viungo, uuponde na kiazi na nyama laini mpaka usione punje, upoe, na uuonje kwanza kwa kijiko kingine, si kile chake. Anachobakiza kisihifadhiwe kwenye kikopo cha baadaye. Baadaye mnyonyeshe.